Mtoi wako amekanyaga nyasi lini mara ya mwisho?

Fanya hesabu hii kabla hujaendelea kusoma. Ukitoa sakafu ya keja, ngazi za ploti, lami na kabro za steji, mtoto wako amekanyaga nini kingine tangu ajue kutembea? Kama unaishi Pipeline, Tassia, Umoja, Kayole au Roysambu, huenda jibu ni hakuna. Si ati wewe ni mzazi mbaya. Ploti zenyewe ndivyo zilivyojengwa: ghorofa saba, nane, zinaangaliana uso kwa uso hadi unaweza kumpasia jirani chumvi kupitia dirishani. Jua huingia dakika chache kisha linahepa. Chini kuna mtaro, nduthi na muuza smokie. Juu kwa paa ndiko tunakoanika nguo, na habari za watoto walioanguka kutoka huko sote tumezisoma.

Kwa hivyo mtoto anashinda ndani. Anapewa simu atulie ili mama apike au baba apate usingizi baada ya shifti ya usiku. Nani atakulaumu? Mimi siwezi.

Lakini sikiza hii. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Linasema kuanzia mwaka mmoja hadi minne, mtoto anafaa kupata angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kila siku. Hayo ni masaa matatu ya kukimbia, kupanda, kuruka na kubingiria, yakigawanywa siku nzima. Upande wa skrini, mtoto wa mwaka mmoja asipewe kabisa, na wa miaka miwili asizidi saa moja. Kuna lingine ambalo wengi wetu hatukuambiwa kliniki: mtoto asikae amefungwa mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, iwe ni kwenye kiti au mgongoni kwa leso. Sasa jaribu kutafuta masaa matatu ya kukimbia ndani ya bedsita yenye kitanda, meko, mtungi wa gesi na ndoo nne za maji ya akiba.

Hapo ndipo nataka tuongee kuhusu kutoka.

Shida yetu sisi vijana ni kwamba tukisikia "kutoka nje ya mji" tunawaza form. Gari la kukodi, spika, mbuzi, picha za kuposti. Kisha tunaangalia M-Pesa, tunacheka, tunarudi kulala. Mtoto wa miaka miwili hajui Naivasha wala Nanyuki. Mpeleke safari ya masaa matatu uone: atatapika kwa gari, atalala, akiamka atataka kucheza na kokoto za pakingi. Simba atamtazama sekunde tano, halafu aulize kuhusu ile bomba ya maji iliyo nyuma yako. Pesa zako zote zimeenda kwa bomba.

Anachotaka kiko karibu na ni rahisi: ardhi isiyo ngumu, kitu cha kuokota, na mtu mmoja asiye na haraka. Hicho cha tatu ndicho ghali.

Mimi nina binti, miaka miwili na miezi mitano. Mamake hufanya kazi ya duka, na Jumapili ndiyo siku yao yenye wateja wengi, kwa hivyo Jumapili ni yangu na huyu mrembo. Siku ya kwanza nilipomshusha kwenye nyasi pale Arboretum, alikunja miguu yote miwili akaning'inia shingoni mwangu kama mtoto wa tumbili. Nyasi zilimgusa kisigino akalia kana kwamba nimemsimamisha juu ya jiko. Mama mmoja aliyeketi karibu na watoto wake alicheka kwa upole akasema, "Huyo ni wa ghorofa. Mwache, atazoea."

Alizoea, lakini kwa masharti yake. Kwanza alikaa katikati ya leso kama mtu aliye kisiwani. Baadaye kidole kimoja kilifika ukingoni kikagusa jani kikarudi. Kisha mkono. Kisha akaona sisimizi amebeba kipande cha mandazi yake, akasahau kuogopa, akamfuata kwa magoti hadi nje ya leso. Ilichukua karibu saa nzima. Jumapili ya tatu alikuwa anakimbia viatu vikiwa mkononi mwangu.

Nakwambia haya kwa sababu mtoto wako akilia siku ya kwanza, utashawishika kusema "hapendi". Ukimpeleka mara moja na asifurahi, rudi tena.

Kitu cha kwanza cha kuacha nyumbani ni ratiba. Usiseme "tutazunguka msitu mzima." Wewe unaona njia, yeye anaona jani, jiwe, jani lingine, shimo, maji ndani ya shimo. Mita mia mbili zinaweza kula asubuhi yote. Wenzangu wa haiki hunicheka nikisema nimekuwa Karura masaa mawili na sikuonja hata kilomita moja. Wacha wacheke. Ukimvuta mkono kila dakika ili mfike mahali, umemtoa kwenye keja ukamfunga njiani. Keti chini. Mwache awe mbele yako hatua tano, umwone, ukae kimya. Ile "acha! chafu! wacha hiyo!" tunayoimba nyumbani, huku ihifadhi kwa vitu vinavyouma na vinavyomezwa.

Mahali pa kuanzia, kama uko Nairobi, mimi nitakuambia Arboretum bila kufikiria mara mbili. Iko mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji, upande wa Ikulu. Ilianzishwa mwaka wa 1907 kama shamba la kujaribia miti, wakati wakoloni walitaka kujua ni ipi ingekua haraka hapa, na ndiyo sababu utapata miti kutoka pembe zote za dunia imesimama pamoja. Ina nyasi wazi, kivuli, na haijakuwa kubwa kiasi cha kukupoteza. Jumapili yetu pale, nauli na kiingilio na mandazi, haijawahi kunizidi shilingi mia tano. Ulizia ada kabla hujatoka kwa sababu hubadilika, na uwe na pesa kwa simu.

Onyo moja: tumbili wa Arboretum ni makanga wa kweli. Wanajua sauti ya karatasi ikifunguliwa. Usimwache mtoto ameshika ndizi peke yake, na usimruhusu amlishe tumbili hata kama watu wengine wanafanya hivyo na kupiga video. Tumbili akizoea kupewa, siku asipopewa anapokonya, na mtoto wako yuko urefu wake haswa.

Karura ni kubwa, zaidi ya hekta 1,000, na watu husifu mapango na maporomoko ya maji. Na mtoto mdogo, sahau yote mawili, ni mbali na njia ya kushukia mtoni huteleza. Baki kwenye uwanja wa nyasi karibu na lango, na uangalie baiskeli. Ngong nayo panda matatu ya 111. Mjini Ngong usimpakie mtoto nduthi kuelekea mlimani, changanyeni watu mlipe gari. Usijaribu kupanda vilima vyote. Kaa pale chini ya mitambo ya umeme wa upepo. Binti yangu aliiita "feni," na kwa wiki mbili kila feni iliyo kinyozi ilikuwa mtoto wa ile feni kubwa. Beba kofia inayofunika masikio kwa sababu huo upepo hauna adabu.

Limuru na Tigoni mashamba ya chai ni mazuri machoni, ila kumbuka yana wenyewe. Tembea barabarani, usimwache mtoto atafune majani. Na Julai usijaribu, baridi ya huko itamrudisha na kifua.

Wa Mombasa, nyinyi mna bahati. Maji yakipwa, ufuo ni shule: kaa, konokono, vidimbwi vya maji ya vuguvugu. Wa Kisumu, ziwa lipendeni kwa macho. Maji ya kina kifupi penye majani na konokono ndimo kichocho kinakopatikana, na mtoto mdogo akikaa humo hata kwa muda mfupi anaweza kuupata. Mpeleke nyasini, ziwa alitazame kutoka ukingoni.

Kama hata nauli ya kufika mjini haipo wiki hiyo, uwanja wa kanisa au wa shule mtaani kwenu unatosha. Ongea na mlinzi vizuri, mwite mzee, mwambie ni mtoto tu anataka kukimbia. Sijawahi kukataliwa na mzee wa geti baada ya kumwona mtoto.

Ondokeni mapema. Saa mbili asubuhi muwe kwa mat, saa sita mmerudi. Matatu za asubuhi ya Jumapili hazijajaa, jua halijakuwa kali, na mtoto hajafika ile saa yake ya kulala inayomgeuza kuwa shetani. Makanga akitaka mtoto alipe kiti, mpakate. Kama wewe ni mwanaume jiandae pia kwa swali la kila safari: "Na mamake yuko wapi?" Mimi hujibu, "Yuko kazini, mathe, sisi tunaenda kuona miti." Wengi hutabasamu. Kuna mmoja aliyeniuliza mara mbili na kumtazama mtoto usoni kama anayekagua kitambulisho. Sikukasirika. Afadhali anayeuliza kuliko asiyejali mtoto wa mtu anapelekwa wapi.

Kwenye begi: leso mbili (moja ya kukalia, moja ya kufunika akilala), nguo za kubadilisha, sweta hata kama jua linawaka, sabuni kipande, maji, na chakula kisicho na drama. Ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa, yai, uji kwa thamosi. Njugu karanga acha. Mtoto wa umri huu hatafuni vizuri, na njugu moja ikimpita njia mbaya akikimbia, huko msituni hakuna daktari. Popkoni ni hivyo hivyo. Maji yatie kwenye chupa ya kutumia tena, kwa maana tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, misitu na fuo zinazolindwa hapa Kenya. Na pampasi iliyochafuka, tafadhali, isiachwe chini ya mti. Beba kopo lenye kifuniko, rudi nayo nyumbani. Nimeona wazazi wakichimbia ardhini, tumbili wakichimbua dakika kumi baadaye. Si picha unayotaka kukumbuka.

Sasa wadudu. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokosekana, na nilitoka huko nikijua majina ya simu zote sokoni lakini mti mmoja tu, mwembe. Nimejifunza upya kwa sababu ya huyu mtoto, maana swali lake ni moja kutwa nzima: "Hii nini?" Ukimjibu "dudu" kila mara, atakuwa na neno moja kwa dunia nzima. Kwa hivyo nilimuuliza mamangu, nikauliza walinzi wa msitu. Jongoo ana miguu mingi mifupi, huenda polepole, ukimgusa anajikunja kama sarafu. Mwache mtoto amtazame, na akimshika aoshwe mikono kabla hajaitia mdomoni. Tandu ni bapa, ana miguu mirefu ubavuni na mbio za ajabu, na huyo anauma. Kinyonga hana sumu, hizo ni hadithi zetu za kuogopeshana. Siafu hutembea kwa mstari, hasa msimu wa mvua. Angalia chini kabla hujatandika leso. Wakiingia kwenye nguo za mtoto, mvue zote hapo hapo bila aibu na uwatoe mmoja mmoja, kwa sababu siafu akiuma haachilii.

Mimea nayo ni miwili ya kujua vizuri. Thabai huwasha, na majani yake yana vinywele vidogo unavyoweza kuviona ukiinama. Mbarika ndiyo hatari. Huota ovyo kando ya mito na kwenye ploti tupu kote mjini, ina majani mapana kama kiganja kilichofunguliwa vidole, na mbegu zake zina madoadoa ya kupendeza kama shanga. Mtoto atataka kuokota. Zina sumu kali, kutafuna chache tu kunaweza kumuua mtoto. Ukiuona huo mti, hamia kwingine. Akiwa amezila, usingoje atapike wala kumpa maziwa, kimbia hospitali na ubebe mbegu moja wakaione.

Halafu kuna ushago, mama wa autingi zote. Wengi wetu hatuna haja ya kulipa kiingilio popote, tunayo shamba, ng'ombe, kuku na shosho, susu, dani au kukhu, vyovyote unavyomwita. Mtoto aliyekuwa anaita mbuzi "doggy" hurudi akijua mbuzi, mwana-mbuzi na mahali maziwa yanapotoka. Atakula udongo kidogo. Atafukuzwa na jogoo. Shosho atakuambia mtoto amekonda na kwamba huko mjini mnamlisha karatasi. Itikia tu, "Ni kweli, shosho," kisha uone mtoto akimaliza bakuli la mukimo ambalo kwako angelitupa.

Ila kama ushago kwenu ni upande wa ziwa au Magharibi, iwe Siaya, Homa Bay, Migori, Busia au Kakamega, au ni Pwani, kuna jambo ambalo halitaki mzaha. Huko malaria iko mwaka mzima. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hana kinga waliyo nayo binamu zake wanaoumwa na mbu kila siku. Wao wanaweza kupata homa kidogo wakaendelea kucheza, wake ikazidi ndani ya siku moja. Pitia kliniki kabla ya safari uulize kuhusu dawa ya kinga kwa umri wake. Beba neti yake yenye dawa kutoka nyumbani, usitegemee kupata ya kuazima. Jioni mvishe mikono mirefu. Akipata joto mwilini mkiwa kule, apimwe siku hiyo hiyo. Na hata mkisharudi, wiki mbili, tatu baadaye, akipata homa hapa Nairobi, jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba mlikuwa ushago, na umtajie kaunti. Usipomwambia anaweza kudhani ni mafua ya kawaida, kwa sababu malaria si ugonjwa anaoutarajia kwa mtoto wa Umoja.

Kuna wakati nikiwa nimeketi pale Karura nakumbuka kwamba hizi nyasi zilikuwa ziwe ghorofa. Miaka ya tisini vipande vya msitu huu viligawiwa watu binafsi wajenge. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walienda kupanda miti langoni wakapigwa, yeye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani wiki hizo kuutetea msitu. Miaka kumi kabla, mwaka wa 1989, alikuwa amezuia jengo la ghorofa 60 lisisimamishwe ndani ya Uhuru Park. Unapotandika leso yako mahali popote kati ya hapa pawili, kuna mtu alilipia.

Na ukitaka kujua mama huyo alitoa wapi huo ukaidi, angalia hotuba aliyoitoa Oslo mwaka wa 2004 alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Alimalizia na kijito. Kijito cha karibu na kwao Nyeri, alikotumwa maji akiwa msichana mdogo, akawa anachezea mayai ya vyura akidhani ni shanga, na baadaye kuona viluwiluwi wengi wakiogelea. Alisema kijito hicho kilikauka. Alikuwa na miaka sitini na zaidi, mbele ya wafalme, na bado alikumbuka viluwiluwi.

Mimi sijui binti yangu atakumbuka nini. Wa miaka miwili hawakumbuki mengi. Ninachojua ni kwamba siku za Jumapili analala usiku kucha bila kuamka, anakula bila kubembelezwa, na Jumatatu tukishuka ngazi za ploti anainama kuangalia ule ufa wa saruji chini ya bomba ambapo kuna majani matatu yameota. Mimi nimepita hapo miaka minne na sikuwahi kuyaona.

Mkirudi nyumbani, kabla usingizi haujamchukua, mvue viatu umwangalie katikati ya vidole kama mlikuwa ushago penye funza. Pitisha mkono nyuma ya masikio, kwapani na mapajani utafute kupe. Ukimpata, mshike karibu na ngozi kwa kibanio umvute wima polepole, usimchome na kiberiti. Muogeshe maji ya vuguvugu. Halafu kagua mifuko ya suruali kabla ya kufua, utapata mawe. Usiyatupe. Kesho asubuhi atayaulizia, na anajua idadi.